Vyombo vinavyopima maji ya Kindu navyo vipimwe

Katika masoko ya Kindu, mama hanunui mchele kabla ya kuangalia kopo. Analigeuza, anapitisha kidole ndani aone kama chini pamebonyezwa, ndipo anamruhusu muuzaji ajaze. Mchimbaji anayeleta kasiterite kutoka Kalima ao Kailo naye anafanya hivyo mbele ya mizani ya mnunuzi: kabla mfuko haujapandishwa, anatazama kama sindano imekaa kwenye sifuri. Hakuna shule iliyowafundisha. Walikwisha kupoteza pesa mara moja ao mbili, basi.

Kuna vyombo vingine vya kupimia ambavyo hakuna mama anayeweza kuvigeuza. Vinakaa nyuma ya ukuta wa kiwanda cha maji: saa ya presha kwenye pampu, mita inayohesabu maji yanayotoka, chombo kinachoonyesha pH, yaani ukali wa maji, kingine kinachopima uchafu unaoelea, na kile kidogo kabisa kinachosema ni klorini kiasi gani imebaki kwenye maji yanapokwenda kwa robine. Mkaaji wa Kasuku ao Mikelenge anayejaza bidoni yake asubuhi hanunui maji peke yake. Ananunua pia neno la vyombo hivyo. Vikidanganya, yeye ndiye anayekunywa.

Jambo hilo lingekuwa la mafundi peke yao kama kipindupindu kingekuwa ugonjwa wa mbali. Si wa mbali. Mwaka 2025 kilienea katika majimbo mengi ya Kongo, na Maniema ilikuwa kati yake. Kila mara kinaporudi, maneno ni yale yale: nawa mikono, chemsha maji, tumia choo. Ni maneno ya kweli, na yote yanamhusu mkaaji. Yanayomhusu mwenye kiwanda na mwenye bajeti hayasemwi kwa sauti hiyo. Ni nani aliyehakikisha kwamba chombo kinachosema «klorini inatosha» kinasema kweli? Alihakikisha lini? Iliandikwa wapi?

Wengi wanafikiri kiwanda cha maji ni pampu na tanki. Kwa kweli ni kiwanda cha kemia, kidogo lakini kamili. Maji ya mto yanaingia yakiwa na udongo. Yanatiwa sulfati ya alumini, ndugu ya shabu, ili chembe za udongo zishikane na kuzama. Yanapita kwenye mchanga. Yanatiwa chokaa ili kupunguza ukali ulioletwa na sulfati. Mwisho yanatiwa klorini, mara nyingi unga wa hipokloriti ya kalsiamu, ili kuua vijidudu. Kila hatua ina kiasi chake, na kiasi hicho kinabadilika na mvua. Maji ya mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, si yale ya mwezi wa kumi na moja. Fundi anayetia gramu zile zile mwaka mzima hatibu maji, anafuata mazoea.

Hatua hizo zimeshikana. Sulfati ikipungua, udongo unabaki, na vijidudu vinajificha ndani ya udongo ambamo klorini haivifikii vizuri. Chokaa ikizidi, klorini inapoteza nguvu. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, OMS, halitoi namba moja peke yake. Linataka angalau miligramu 0,5 ya klorini huru katika lita moja ya maji, baada ya dakika 30 za kukaa pamoja, kwenye maji yenye pH isiyofika 8; na pale mkaaji anapochota, klorini hiyo isishuke chini ya 0,2. Uchafu unaoelea, ambao kipimo chake kinaitwa NTU, haufai kupita 5, na ni bora ukae chini ya 1 wakati klorini inapotiwa. Kwa hiyo kusema «tulitia klorini» hakutoshi. Vyombo vinne vinapaswa kukubaliana: cha klorini, cha pH, cha uchafu, na mita ya maji, maana dakika 30 zinategemea kasi ya maji ndani ya tanki. Kimoja kikipotoka, hesabu yote inapotoka.

Na vinapotoka. Hilo halihitaji mtu mbaya ao mvivu, ni tabia ya vyombo vyenyewe. Saa ya presha ina ndani yake bomba jembamba la chuma lililopindwa. Presha ikiingia, bomba linajinyoosha kidogo na kusukuma sindano. Likitikiswa na pampu mchana na usiku kwa miaka, linachoka. Siku moja pampu imezimwa na sindano inabaki imesimama kwenye bari moja, kama mtu anayesinzia. Mita ya maji inaliwa na mchanga. Kioo cha chombo cha uchafu kinashika ukungu, kinaanza kuona uchafu usiokuwepo, ao mtu anakifuta kwa kitambaa kigumu na kukikwaruza. Umeme unaokuja kwa kishindo baada ya kukatika, ao jenereta ya mazutu inayopanda na kushuka, unaumiza vyombo vyenye elektroniki hata kama taa zao zinaendelea kuwaka vizuri.

Chombo cha pH ni dhaifu kuliko hivyo vyote. Kichwa chake ni kioo chembamba sana ambacho kinapaswa kukaa kimelowa. Kikisahauliwa nje kwa siku chache za joto, kinakauka. Kikirudishwa majini kinatoa namba polepole, na namba yenyewe si ya kweli. Kuna wanaokihifadhi ndani ya maji distile wakifikiri usafi utakisaidia. Maji hayo yanakinyonya chumvi yake na kukiharibu zaidi. Kinapaswa kukaa ndani ya maji yenye kloridi ya potasiamu, ambayo bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na bei ya chombo kipya.

Lakini mtego mbaya uko kwenye klorini. Mara nyingi kipimo kinafanywa kwa kidonge kinachoitwa DPD: kinatiwa ndani ya maji, maji yanageuka rangi ya waridi, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo klorini ilivyo nyingi. Kidonge kilichopitwa na tarehe, ao kilichopata unyevu, kinatoa rangi hafifu. Hilo mafundi wanalijua. Wengi hawajui kwamba klorini ikizidi sana inaunguza rangi yenyewe. Maji yanabaki meupe kama hayana klorini hata kidogo. Fundi asiyefundishwa anasoma sifuri, anashtuka, anaongeza klorini, anapima tena, anasoma sifuri. Njia ya kutoka ni rahisi: kuchanganya kiasi kidogo cha maji hayo na maji yasiyo na klorini, sehemu moja kwa tisa, kisha kupima upya na kuzidisha kwa kumi. Ni kazi ya dakika chache, lakini mtu lazima awe ameonyeshwa.

Unga wa klorini nao unadanganya. Ukiwa mpya una klorini ya asilimia 65 mpaka 70. Ukikaa ndani ya depo lenye joto na unyevu, kifuniko kimelegea, nguvu inashuka wiki kwa wiki, na lebo kwenye ndoo haibadiliki. Fundi anapima gramu zake kwa uaminifu wote, kwa mizani iliyo sawa kabisa, na maji yanapata pungufu. Hapo chombo cha klorini ndicho shahidi pekee aliyebaki. Kama nacho kimepotoka, hakuna wa kusema.

Kazi ya kurudisha vyombo kwenye ukweli, mafundi wanaiita etalonaji. Neno ni kubwa kuliko kitu chenyewe. Ni kuweka chombo mbele ya kitu ambacho thamani yake inajulikana tayari, na kuona kinasema nini. Kwa pH, ni vichupa vya maji yaliyotengenezwa kuwa 4, 7 na 10 kamili. Kwa uchafu, ni vichupa vilivyofungwa vyenye NTU inayojulikana. Kwa saa ya presha, ni saa nyingine bora, ambayo haikai kwenye pampu na haitumiwi kwa kazi ya kila siku. Kwa mita ya maji, tanki la ukubwa unaojulikana na saa ya mkono vinatosha kuonyesha uongo mkubwa. Vichupa vya pH vikifunguliwa vina miezi yao, kisha vinatupwa. Hapo ndipo mahali pengi panapoanza ujanja: kichupa cha mwaka juzi kinaendelea kutumiwa kwa sababu hakijaisha, na chombo kizima kinarekebishwa kifuate maji yaliyooza.

Sehemu inayosahauliwa zaidi ni karatasi. Kabla ya kugusa skrubu, fundi anapaswa kuandika chombo kilikutwa kinasoma ngapi. Akikirekebisha kwanza kisha akaandika «kiko sawa», ametengeneza chombo lakini ametupa habari. Kama chombo cha klorini kilikutwa kinasoma 0,6 mahali ambapo ukweli ulikuwa 0,2, shida haiko kwenye chombo peke yake tena. Iko kwenye maji yote yaliyokwenda mjini tangu siku kilipolinganishwa mara ya mwisho. Wiki mbili? Mwaka? Daktari wa zone ya afya anayeona watoto wanaharisha katika kartie moja angetaka sana kujua tarehe hiyo. Bila namba ya kabla, hakuna anayeweza kumjibu.

Namba hizo za kabla zinasaidia tena kwa jambo lingine: zinaonyesha kazi irudiwe baada ya muda gani. Chombo kilichokutwa sawa mara nne mfululizo kinaweza kungoja. Kile kinachokutwa kimepotoka kila mara kisingoje. Kalenda iliyochapwa na mtengenezaji huko Ulaya ao China haijui joto la Maniema wala jenereta.

Kuna alama moja ambayo hata asiye fundi anaweza kuisoma. Maji ya mto yanabadilika, mvua inanyesha, pampu inasimama, unga wa klorini unazeeka. Kwa hiyo daftari la kweli lina namba zinazopanda na kushuka. Daftari linaloonyesha 0,5 saa sita, 0,5 saa kumi na mbili, 0,5 kesho yake na mwezi mzima, linastahili kuangaliwa mara mbili. Ama chombo kimekwama, ama aliyeandika hakupima.

Mji mmoja wa Kanada ulijifunza jambo hilo kwa uchungu. Walkerton, katika jimbo la Ontario, ulikuwa na watu karibu 4.800. Mwezi wa tano mwaka 2000, mvua kubwa ilisukuma vijidudu kutoka mavi ya ng'ombe mpaka ndani ya kisima kimoja cha mji. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2.000 waliugua. Jaji Dennis O'Connor, aliyeongoza uchunguzi, alikuta kwamba wafanyakazi wa maji walikuwa na desturi ya kuandika klorini 0,5 ao 0,75 bila kupima. Alikuta pia kwamba chombo cha kupima klorini na uchafu bila kusimama, kama kingewekwa kwenye kisima hicho, kingezuia balaa. Kanada si nchi maskini. Pesa ya chombo haikuwa tatizo, na mafundi hawakuwa wanagombania mazutu. Miaka mingi ilipita bila mtu wa juu kufungua daftari na kushangaa kwa nini namba hazibadiliki.

Inafaa kukumbuka mfano huo kila mara mtu anaposema kwamba mambo haya ni ya nchi tajiri. Ugonjwa huu hauchagui. Kule Texas City, Marekani, tarehe 23 mwezi wa tatu 2005, kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP kililipuka, kikaua watu 15 na kujeruhi 180. Mnara mmoja ulikuwa unajaa kupita kiasi, na chombo cha kupima kimo cha mafuta ndani yake kilionyesha kwamba mafuta yanashuka. Kilikuwa kimerekebishwa kwa hesabu za zamani ambazo hazikulingana na mafuta ya siku hiyo. Mafundi wa vyombo walikuwa wameanza kukagua kabla ya kuwasha, wakaambiwa hakuna wakati tena.

Kwa nini basi etalonaji haina rafiki? Sababu moja ni kwamba haina sherehe. Pampu mpya inakatiwa utepe, mkuu anapiga picha akifungua robine, jina la mfadhili linaandikwa ukutani. Hakuna aliyewahi kukata utepe wa kichupa cha pH. Miradi inaleta vyombo vizuri, vingine vya bei kali, pamoja na vidonge vya mwaka mmoja. Mwaka unaisha, mradi unafunga, vidonge vinaisha, chombo kinabaki kwenye meza kimefunikwa kitambaa. Kimehesabiwa katika ripoti kama mali ya kiwanda.

Sababu ya pili ni pesa inapoelekea. Katika viwanda vya shaba na kobalti vya Kolwezi na Likasi, mafundi wa vyombo wana kazi na mshahara, kwa sababu kosa dogo la kipimo kwenye asidi ao kwenye metali linageuka dola zinazopotea siku ile ile, na mwenye kampuni anaziona. Maji hayaendi hivyo. Klorini ikipungua, hakuna anayepoteza kitu ofisini. Hasara inakwenda nyumbani kwa mtu: dawa, siku za kazi zilizopotea, wakati mwingine jeneza dogo. Haiandikwi kwenye fakture yoyote. Kwa hiyo soko peke yake halitaleta fundi wa vyombo Kindu. Lazima serikali iamue.

Hapa haki inataka jambo lisemwe wazi: lawama isianguke juu ya fundi wa REGIDESO aliye zamu usiku. Kindu iko mbali na kila kitu. Hakuna barabara nzuri ya kuja kutoka mashariki. Treni ya SNCC kutoka Lubumbashi inakuja inapoweza. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ufungwe mwezi wa kwanza 2025, na vita kufika Bukavu mwezi uliofuata, njia ambazo wafanyabiashara wa Kindu walizizoea zimekatika, na bei zimepanda. Katika hali hiyo, anayepigania sulfati na mazutu ataona vichupa vya pH kama anasa. Na atakuwa amekosea, lakini kosa lake linaeleweka: sulfati ikikosekana maji yanaonekana machafu na wakaaji wanapiga kelele; kichupa kikikosekana maji yanaendelea kuonekana meupe, na kila mtu anatulia.

Ndiyo sababu kazi hiyo haiwezi kuachiwa kiwanda peke yake. Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2015 kuhusu maji iliyapa majimbo sehemu ya madaraka juu ya huduma hiyo. Serikali ya jimbo la Maniema haiwezi tena kusema kwamba maji ni mambo ya Kinshasa. Katika kikao cha bajeti cha mwezi wa tisa, wabunge wa jimbo wanaweza kudai mstari mmoja mdogo unaoitwa kwa jina lake: kulinganisha vyombo vya maji. Si «matengenezo» kwa jumla, maana chini ya neno hilo pesa inakwenda kwenye magurudumu ya gari. Mstari huo ulipie vichupa, vidonge vyenye tarehe nzuri, saa moja ya presha ya kulinganishia, mizani na mawe yake ya kilo, na safari ya mtu mmoja anayejua kazi. Jumla yake haifiki bei ya pampu moja.

Mtu huyo anaweza kutoka wapi? Office congolais de contrôle, OCC, inayofanya kazi tangu 1974, ina huduma ya metrolojia, yaani elimu ya vipimo. Wakaaji wanaijua zaidi inapokagua bidhaa zinazoingia na zinazotoka. Itakuwa vizuri waione pia mlangoni mwa kiwanda cha maji, ikiacha karatasi inayoonyesha kila chombo kilikutwa kikisoma ngapi. Mashini isijikague yenyewe. Mpimaji atoke nje ya nyumba. Na kama safari ya mtaalamu ni ngumu, saa ya presha na vichupa vinaweza kusafiri bila yeye: kifurushi kimoja ndani ya ndege, mara mbili kwa mwaka. Vyuo vya mjini navyo, Chuo Kikuu cha Kindu kwanza, vina wanafunzi wanaotafuta mada ya kazi ya mwisho. Mwanafunzi akienda kila wiki kwenye robine kumi za Kasuku na Mikelenge na kidonge cha DPD, akaandika namba kwa miezi sita, ataacha kitu ambacho jimbo linakihitaji kuliko nakala nyingine ya historia ya mada ile ile.

Kuna wanaojibu kwamba mazungumzo haya ni ya mji wenye maji. Wakaaji wengi wa Kindu hawana robine nyumbani. Wanachota Lualaba, wanachota visima na chemchem, wananunua bidoni kwa jirani. Kwao, klorini ya kiwandani ni habari ya mbali, na kwanza waongezewe mabomba, ndipo mtu azungumze juu ya vichupa. Hoja hiyo ina uzito, na haijibiwi kwa maneno matamu. Lakini inasahau mambo mawili. La kwanza, kipindupindu kinapofika, watu wa afya wanaweka vituo vya kutia klorini pale wakaaji wanapochota, bidoni kwa bidoni. Kituo hicho ni kiwanda kile kile kilichopunguzwa mpaka sindano na ndoo: unga ule ule unaozeeka, kidonge kile kile kinachopitwa na tarehe, mtu yule yule anayehitaji kuonyeshwa. Asiyeweza kuhakikisha kipimo kiwandani hataweza kando ya mto. La pili, mabomba mapya yanayoongezwa juu ya vyombo vinavyodanganya yanapeleka kosa moja kwa nyumba nyingi zaidi. Kisima kibaya kinaumiza kartie. Kiwanda kinachopima vibaya kinaumiza komini mbili kwa asubuhi moja.

Na wakaaji wana sehemu yao, ambayo haipitii bungeni. Analipa fakture ana haki ya kuuliza. Shirika la raia la Maniema limekwisha kupaza sauti juu ya umeme na juu ya barabara. Swali la maji linaweza kuulizwa kwa njia fupi zaidi. Libandikwe ubao kwenye mlango wa kiwanda, wa mbao na chokaa kama ule wa shule, wenye namba tatu tu zinazobadilishwa kila asubuhi: klorini iliyopimwa leo inapotoka kiwandani, klorini iliyopimwa leo kwenye robine ya mwisho kabisa ya bomba, na tarehe ambayo chombo kilichozipima kililinganishwa. Namba mbili za kwanza zitabadilika kila siku, na zikikaa vile vile wiki nzima mama wa soko atakuwa wa kwanza kucheka. Ile ya tatu, kama itaonyesha mwaka uliopita, itakuwa imesema yenyewe.